Moshi Nilioufukuza Mhezi

Vijana wa karakana mmenisumbua niandike habari za kazi yangu kabla sijasahau. Niliwaambia kwamba kusahau ndicho ninachokitamani siku hizi, mkacheka mkidhani natania. Haya, nimekaa barazani kwangu hapa Same, daftari juu ya goti lililo zima. Lile jingine nililiacha milimani. Kifua kinakoroma, maana miaka yote ile ya kuchekecha chokaa haikupita bure. Mkiona mwandiko unapanda na kushuka, jueni mwandishi amechoka, si kwamba hakusoma. Vyeo na mishahara sitavigusa. Havijawahi kunyoosha ukuta wa mtu.

Nilishuka kutoka Suji nikiwa kijana, Mwingereza akiwa bado mgeni huku kwetu na nyumba za Mjerumani zikiwa bado zinatumika na nyufa zake. Karakana ilikuwa chini ya Fundi Zefania, mzee mfupi, mkali, mwenye sauti ya chini mpaka ukitaka kumsikia inabidi uache kupiga nyundo. Siku ya kwanza nilitegemea kupewa mwiko. Alinipa kipande cha chaki, akaniingiza katika chumba kitupu cha nyumba tuliyokuwa tunaimalizia.

"Kila jua likisogea, chora lilipofika," akasema.

"Nichore wapi, Fundi?"

"Sakafuni, ukutani, popote linapogusa. Usitoke mpaka liishe."

Nilikaa humo tangu asubuhi mpaka jioni, peke yangu, nikichora mistari kama mtu aliyerukwa na akili. Njaa iliniuma, na nilishaamua kesho yake narudi kwetu. Jioni akaja, akaitazama mistari yangu, akaniuliza mtoto alale wapi, mama ashonee wapi, na mgonjwa alazwe wapi. Nilikosea yote matatu. Mgonjwa nilimlaza mahali ambapo jua la saa tisa lingemchoma macho kila siku ya Mungu. "Basi umeanza kazi," akasema, akaondoka zake. Ninyi mnaopima dirisha mkiwa mmesimama nje, na sigara mdomoni, lifikirini hilo.

Chokaa yetu ililetwa kwa treni kutoka Tanga, mawe mawe ndani ya magunia. Tuliizima kwa maji shimoni, ikachemka yenyewe, tukaiacha ilale wiki kadhaa. Mwenye haraka alipaka chokaa ambayo haijalala, na haukupita mwezi ukuta wake ukatoa malengelenge. Tulitia chumvi kidogo ili ishike. Rangi ndiyo ilikuwa ugomvi. Watu walitaka bluu ya dukani, na wengine kijani, na kuna mmoja alitaka vyote viwili katika chumba kimoja. Fundi Zefania alikuwa hasikii. "Rangi ni ya kanga," alisema. "Ukuta kazi yake ni kunyamaza." Alichanganya chokaa na udongo mweupe wa bondeni, au majivu yaliyochekechwa mara tatu, au mchanga mwekundu kidogo sana, akapata rangi ya ganda la yai, rangi ya majivu, rangi ya njia kavu ya kiangazi. Hapa Same nyeupe tupu inaumiza macho, kwa hiyo tuliipunguza ukali. Wala msiiamini chokaa ikiwa imelowa, inadanganya. Paka ubaoni, weka ubao juani siku tatu, ndipo useme umeipata rangi.

Macho ya Fundi Zefania yalipoisha kwa chokaa hiyo hiyo, akarudi kwao, na watu wakaanza kuniita mimi. Nilijenga nyumba ya msimamizi wa mkonge, ya karani wa stesheni, ya mwenye duka. Zote zilikuwa bondeni, kwenye joto. Nikajua kuingiza mwanga ndani bila kuingiza jua lenyewe. Juu niliweka dari ya mbao chini ya bati, na watu wakaweka mahindi yao huko darini, yakakauka vizuri kwa joto la bati. Hilo la mahindi mlikumbuke. Mimi sikuwahi kulifikiria hata mara moja, lilikuwa linajitokea tu.

Basi siku moja akaja karakana Mwalimu Elieneza wa Mhezi, ametembea kutoka mlimani, viatu kavibeba begani. Alikuwa na watoto watano, mkewe ana mimba ya sita, na mama yake mzazi, Bibi Namkunda, akiishi nao. Wote walikuwa katika nyumba moja ya zamani ya miti na udongo na nyasi, moto katikati, dirisha hakuna.

"Fundi Mbonea, watoto wangu wanakohoa mwaka mzima," akaniambia. "Mama yao macho mekundu kila siku. Madaftari ya shule nasahihishia nje, na mvua ikinyesha nasahihishia mlangoni, mgongo umelowa. Nataka nyumba yenye mwanga. Nyeupe, safi. Na watoto wakizidi wapate pa kulala."

"Watazidi?"

"Mungu akipenda. Na mama yao akipenda, maana siku hizi naye ameanza kuuliza maswali."

Nilimpenda mtu yule. Lori lilituacha chini ya mlima, tukapanda kwa miguu. Kiwanja chake kilikuwa kimechongwa kwenye mteremko, na penye tambarare palikuwa padogo. Nilitoa chaki yangu nikakaa siku mbili nikitazama. Jua la Mhezi linachelewa, linasubiri mpaka lipande juu ya kilele cha Shengena, halafu mchana ukungu unashuka na habari yake imekwisha. Mwanga wa kweli ni wa asubuhi tu, saa chache, nao unaingia upande mmoja. Upande huo, kwenye kile kipande pekee cha tambarare kilichobaki, ndipo iliposimama nyumba ya zamani.

Nyumba mpya niliichora hivi. Chumba kikubwa katikati, chenye dirisha la vioo upande wa Shengena, pana kupita mikono yangu miwili nikiinyoosha. Kulia chumba cha watoto, kushoto cha wazazi, nyuma cha Bibi. Jiko likae nje kabisa, kibanda cha bati kilicho wazi pande mbili, moshi upeperuke uende zake. Juu dari ya mbao kama za Same. Vioo vilipanda mlima migongoni mwa wapagazi wanne, vimefungwa kwa mablanketi na majani ya migomba. Kimoja kilivunjika karibu na Chome, na aliyekibeba akakaa chini akalia, ikabidi sisi wenye kioo tumbembeleze. Chumba kikubwa nilikipaka rangi ya ganda la yai, cha watoto rangi ya majivu mepesi. Wenye nyumba hawakuwa na fanicha ya maana, na mimi niliwaambia wasiwe na haraka nayo. Mwanga ukiingia vizuri, mkeka na kiti kimoja vinatosha.

Katika chumba cha watoto nilipigilia vigingi sita vya kutundikia nguo, nilivyovichonga kwa mkono wangu. Vitano vya waliokuwepo na kimoja cha yule aliye njiani. Kila mtoto nilimsimamisha ukutani nikaweka kigingi chake mahali mkono wake unapofika. Nambua, mtoto wa kwanza, alikuwa wa miaka saba. Aligusa chake mara tatu.

"Hiki changu?"

"Chako."

"Hata nikikua?"

"Ukikua nitakuja nikipandishe."

Kilichobaki kilikuwa kuvunja nyumba ya zamani. Bibi Namkunda alikuwa ameketi mlangoni pake, anapukuchua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nasikia unataka kuvunja nyumba yangu."

"Inaziba dirisha, Bibi. Jua lote linaishia kwenye nyasi zake."

"Na mahindi?"

"Yatakaa darini. Nimeweka mbao nzuri, panya hapiti."

"Moshi je?"

Nikacheka. "Moshi nimeufukuza, Bibi. Ndiyo kazi niliyoitiwa."

Alitua ungo chini. "Watoto watashiba mwanga?" akauliza. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli, anataka jibu. "Iache kwanza mpaka mwaka uzunguke. Ukiona mahindi yamekaa salama huko juu, njoo uvunje, nami nitakusaidia."

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Lakini mimi nilikuwa nimebakiza siku chache nishuke, na nilitaka kuuona mwanga ukiingia kwa macho yangu, nikausimulie huku chini. Kichwa kilikuwa kimevimba. Mwalimu alinitazama, akamtazama mama yake, akasema, "Wewe ndiye fundi." Nikasema vunjeni.

Ilikwenda chini asubuhi moja. Juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito, na mahindi ya mavuno yale yamepangwa juu yake, meusi kwa masizi, magumu, hayana hata tundu moja la mdudu. Niliyaona. Niliyashika kwa mikono yangu. Na mnajua nilichosema? Niliwaambia wayafute masizi kabla ya kuyapandisha, yasichafue mbao zangu.

Siku iliyofuata jua lilitokeza juu ya Shengena likaingia chumbani lote. Watoto walisimama katikati yake wakitazama mikono yao, wanaigeuza huku na huku. Mama Nambua alikaa sakafuni na tumbo lake akalia. Nambua alilala chali kwenye mwanga, akawa anajisogeza kila mwanga ukisogea. Bibi Namkunda alikuwa kwenye kona ambako haukufika. Mimi nilijiona nimefika, na nilishuka mlima nikipiga mluzi.

Miezi minane ikapita. Mwalimu akaniletea ujumbe nipande nikaone dari. Nikajua bati limevuja, nikabeba misumari na lami.

Niliingia kwanza chumba cha watoto, maana ndicho nilichokuwa najivunia. Ukutani palikuwa na vigingi vitano. Kile cha kwanza hakikuwepo, palikuwa na tundu tu, na lipu imepukutika mpaka sakafuni. Roho iliniuma kwa ajili ya ukuta wangu. "Watoto hawa," nikasema, nikachanganya chokaa kiganja kimoja, nikaliziba lile tundu, nikalilainisha mpaka usingejua palikuwa na kitu. Mama Nambua alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa anautazama mkono wangu. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, na juu ya shuka kulikuwa na unga mwepesi, wenye rangi karibu na ile ya kuta, nikadhani ni chokaa yangu imedondoka.

Haikuwa chokaa. Nilipanda darini nikaona. Mlimani bati halikaushi kitu. Asubuhi ya baridi linatoka jasho kwa ndani, matone yanadondoka, na ukungu unakaa humo mchana kutwa. Mahindi yote yalikuwa yameota kuvu upande mmoja na kubunguliwa upande mwingine. Nilikamata hindi, likabaki gunzi tupu mkononi. Chakula cha mwaka mzima cha watu tisa kilikuwa kinadondoka unga vitandani mwao kupitia mianya ya mbao zangu nzuri ambazo panya hapiti.

Nilishuka ngazi. "Watoto wako wapi?" nikauliza, maana niliwaona watatu tu wadogo.

"Wakubwa wawili tumewapeleka Makanya kwa dada yangu," Mwalimu akasema. "Mume wake yuko relini, wana chakula. Nambua na mdogo wake Elia. Hapa tutapambana na hawa." Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata mahali pa kushika. Alikuwa amekonda shingo, na kola ya shati lake inamzunguka.

Nikaenda kwa Bibi. Nilipiga magoti, nikamwambia nimekosa.

"Mwanga ni mzuri, siukatai," akasema. "Naona mpaka kucha zangu. Lakini nilikuuliza moshi utakaa wapi, ukacheka." Akanigusa bega. "Haya, inuka. Magoti yako utayahitaji."

Nilikaa Mhezi siku tisa nikijenga upya kile nilichokivunja. Nyumba ndogo ya miti na udongo, nyasi juu, mafiga katikati, na juu ya mafiga dari ya fito. Bibi alikaa kwenye kigoda akiniongoza. Fito zikaribiane hapa, huku ziachane, dari ipande kidogo moto usije ukaunguza, ishuke kidogo moshi usije ukaikosa. Nilikuwa fundi wa madirisha ninayejulikana mpaka Tanga, na ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kazi. Mahali pengine pa kuijenga hapakuwa, ila pale pale ilipokuwa ya kwanza, mbele ya dirisha langu. Paa lilipopanda, nilikwenda kukaa chumba kikubwa na chaki yangu. Mwanga ulifika katikati ya sakafu ukakoma hapo. Nikachora mstari, nikaondoka.

Walivuka mwaka ule kwa maharage na ndizi na vikapu vya majirani. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo nashukuru mpaka leo, ila yule mdogo alichelewa sana kutembea. Mavuno mapya yalikaa kwenye moshi, yakawa salama. Elia akarudishwa nyumbani. Nambua hakurudi. Shangazi alikuwa amemzoea, mkono wa kazi umepatikana, shule amekwisha kuandikishwa huko huko, mwaka ukazaa mwaka. Alikuja Mhezi kama mgeni, Krismasi, akiwa na viatu. Nyumba niliijenga ili watoto wazidi, nayo ikaanza kwa kuwapunguza. Kila nilipopita, Mama Nambua aliniuliza swali moja tu, kama nimepita Makanya.

Kazi niliendelea nayo, ningefanya nini kingine? Lakini tangu hapo sikuchora dirisha la mtu kabla ya kumuuliza chakula anaweka wapi. Wengi waliniona nimezeeka vibaya. Bwana mmoja wa ofisini alinijibu kwamba anaweka tumboni. Nilimsubiri amalize kucheka, nikamuuliza tena. Nimejenga nyumba nyingi nzuri baada ya ile, zenye mwanga na zenye kuta zinazonyamaza, na sikuondoka hata moja nikipiga mluzi.

Mwaka huu nikaweka mwiko chini, mkanifanyia chai na maneno mazuri. Wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, akaja mwanamke hapa barazani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, wa tatu anatangulia. Akaniamkia, nikamwitikia. Alisema wamepata kiwanja yeye na mumewe, hapa chini ya mlima, wanataka nyumba.

Nikamwambia nimeacha kazi. Nikamwonyesha goti.

"Nataka chumba kikubwa cha katikati," akaendelea kana kwamba hakusikia. "Kuta rangi ya ganda la yai. Dirisha pana upande jua linapotokea. Niliwahi kuwa nalo. Miezi minane tu."

Nikamtazama vizuri. Alikuwa na paji la uso la Bibi Namkunda.

"Nambua," nikasema.

Akafungua pindo la kanga yake, akaweka kitu juu ya daftari hili. Kigingi. Alama za patasi yangu zilikuwepo, na mkiani kilikuwa bado na lipu yangu imeshikilia, rangi ya majivu mepesi.

"Nilikichomoa asubuhi ile ya kupelekwa Makanya," akasema. "Nilikuwa mtoto. Niliwaza wakiona tundu watakumbuka kwamba kuna mtu hayupo, watakuja kunichukua."

Ningeweza kunyamaza, yeye asingejua. Lakini nimechoka, na mtu akichoka kiasi hiki hana nguvu ya kuficha. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba lile tundu nililiziba mimi, kabla hata sijauliza mtoto yuko wapi, nikalilainisha vizuri.

Mtoto wa mgongoni akaanza kulia, akambembeleza kwa kutikisa bega. Halafu akakichukua kigingi, akakifuta vumbi, akanirudishia mkononi.

"Ulisema nikikua utakipandisha," akasema.

Kwa hiyo mkinikosa hapa barazani kuanzia Jumatatu, nipo kule chini ya mlima, naenda polepole. Nilimuuliza kwanza chakula ataweka wapi, na mchoro nimeuanzia jikoni. Nimemsimamisha kwenye ukuta wa baraza hii akanyoosha mkono, nami nikapima. Kutoka pale nilipokiweka Mhezi, kitapanda futi mbili na inchi tatu.